Sumu ya Kabichi

Mwembesongo, Morogoro
Jumanne, 11 Oktoba 1994

Dada Felista,

Shikamoo dada. Kabla ya yote nachukua nafasi hii adhimu kukutangazia wewe, watoto, na wote wenye masikio huko mlimani, kwamba tangu mwezi wa tano chumba changu kina kipimajoto. Kimetundikwa ukutani pale ilipokuwa kalenda. Sasa hivi ni saa nane mchana na kinasema thelathini na tatu. Zamani nilikuwa nasikia joto tu. Siku hizi nalisoma.

Habari za huko? Mgongo unaendeleaje? Leonard ameniambia mvua zimeanza kugusa huko juu, na kwamba umeshateremka mara mbili shamba la bondeni kuzibua mifereji. Hapo shamba la bondeni ndipo ninapokwenda na barua hii, dada, ila niache nifike kwa miguu yangu. Mwili wangu ni mzima. Leonard nimemwambia akukabidhi barua mkononi, na asisimame njiani kwa shemeji zake kunywa togwa. Ikikufikia kesho au keshokutwa, itafaa. Ikikufikia Jumamosi jioni, iwashie moto.

Kile kipimajoto sikukinunua kwa ajili yangu. Unalikumbuka lile sanduku la mbao nililokuletea mwezi wa sita, nimelifunga kwa waya na kuliandika kwa rangi nyekundu SUMU YA KABICHI? Nilikuomba uliweke chumba cha nyuma chenye baridi, na lilale kama nilivyolilaza. Ukacheka, ukauliza ni sumu gani inayolazwa kama mzazi. Nikakujibu ni ya kisasa. Dada, humo ndani hamna sumu. Humo mna divai. Wala si ile ya padri wa misheni. Ni ya Mgiriki.

Unajua kwamba shamba la mkonge nililolitunzia bohari miaka kumi na saba limeuzwa, maana siku hizi kila kitu ni ruksa kuuzwa, na sisi wafanyakazi tumekabidhiwa barua za kutushukuru. Mimi ndiye niliyerudisha funguo. Mwezi wa tano wakapiga mnada wa vitu vya nyumba kubwa, na katika kabati la chini ya ngazi zikakutwa chupa kumi na mbili, zina vumbi kama zimezikwa, karatasi zake zina picha ya jumba na mwaka 1959. Mgiriki aliyekuwa mwenye shamba aliziacha alipoondoka. Wengi walicheka. Jackson hakucheka.

Jackson ni kijana wa yule dalali wa mnada, aliyewahi kufanya kazi ya kuhudumia meza kwenye meli za Wazungu. Alinivuta pembeni akaniambia, Mzee Stefano, usione hizi ni pombe, hii ni benki. Alikuwa na karatasi aliyoikata kwenye gazeti la Ulaya, yenye picha ya chupa na bei yake. Bei ile ilikuwa ya Land Rover, nami nilihesabu sifuri zake kwa kidole. Alisema matajiri wa huko hawainywi, wanainunua na kuilaza, na kila mwaka inapozeeka bei inapanda, kwa sababu kila mwaka kuna mjinga mmoja mahali fulani anayeifungua yake, na zinazobaki zinapungua. Haitaki mbolea, akasema, haitaki mvua, haitaki palizi. Kazi yako ni kutoigusa tu. Dada, kazi hiyo niliona naiweza. Nilikuwa nimetoka kuachishwa ile nyingine.

Usidhani sikuuliza. Nilimuuliza kama mali yenyewe ni nzuri hivyo, mbona hainunui yeye. Akajibu anajijua, angeinywa. Nilimuuliza pia mtu anajuaje kama ya kwenye chupa yake ni nzima. Akasema haiwezekani kujua bila kuifungua, na ukiifungua si mali tena. Nilikwenda nyumbani nikalifikiria jambo hilo usiku na mchana. Ng'ombe unamkama, kitenge unakinyoosha ukaona kama kinachuja, hata mchumba unaweza kuwauliza majirani. Hii ni mali pekee niliyowahi kuisikia ambayo ukitaka kujua kama unayo, lazima kwanza uipoteze. Badala ya kuogopa, nikaona hapo ndipo ilipo akili ya Wazungu.

Aliyenionya ni Yunusi, fundi cherehani wa hapa jirani. Aliuliza, haya Stefano, wewe utamuuzia nani? Nikamwambia tajiri. Tajiri atainywa? Hapana, ataiuza. Kwa nani? Kwa tajiri mwingine. Naye? Naye ataiuza. Yunusi akautoa mguu kwenye cherehani, akasema basi kwa mpango huo hata ukijaza maji ya mchele ni sawa, maana hakuna atakayejua mpaka Kiyama. Nikamjibu kwamba yeye Mwislamu, mambo ya divai hayamhusu. Akasema kweli hayamhusu, ndiyo maana anayaona.

Nilinunua sanduku zima, na bei niliyotoa hapa siiandiki. Kisha nikanunua kipimajoto, kwa kuwa Jackson alisema divai inataka baridi ya kumi na tatu. Chumba changu hakijafika huko tangu kijengwe. Ndipo nikakumbuka chumba chako cha nyuma, ambako maji ya mtungi yanauma meno. Neno SUMU niliandika mimi ili shemeji asije akalifungua siku ya Krismasi. Nadhani katika wilaya nzima ni mimi peke yangu niliyekiita sumu kitu nilichokipenda.

Sasa hapa naanza kuona aibu. Mwezi wa nane uliniandikia kwamba viwavi wameingia kwenye kabichi, na kwa kuwa sumu ipo ndani ya nyumba, nikuambie tu kipimo, vijiko vingapi kwa bomba moja. Nikakujibu upesi kwamba usiiguse, bado haijakomaa. Sumu kukomaa! Nawe dada yangu uliniamini, ukasubiri, ukaokota viwavi kwa mkono wewe na watoto, na nusu ya kabichi ikaoza. Kila nikipita sokoni nikaona kabichi zimepangwa, natazama upande mwingine.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Dar es Salaam na chupa moja, ile niliyobaki nayo hapa kama mfano, nimeizungushia taulo bichi. Jackson alinielekeza hoteli moja kubwa yenye mpishi mkuu Mzungu. Nilingojea mlango wa nyuma, karibu na mapipa, kuanzia saa tatu hadi saa saba. Mpishi alipotoka aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, nikasema moyoni, Stefano, umepona. Akaizibua. Akanusa. Akamimina kidogo, akaonja, akafumba macho muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa kupitia mpishi mmoja Mtanzania aliyekuwa akitafsiri, miaka yote hiyo thelathini na kitu ilikaa wapi. Nikasema Morogoro, chini ya ngazi. Akauliza kama Morogoro kuna baridi. Nilikuwa nimezoea ukweli wa kipimajoto, nikamtajia thelathini na tatu. Akanishika bega. Hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema hizo kumi na moja zilizobaki nisijisumbue kuzileta.

Dada, fedha nilizonunulia sanduku hazikuwa zangu. Mafao ya bohari mpaka leo tunaambiwa yako mbioni. Nilikopa kwa Stambuli, yule mwenye lori anayenunua mboga zenu, na aliponiuliza nitaweka rehani gani, nikaandika shamba la bondeni. Nilitia sahihi mahali palipoandikwa mwenye mali. Tarehe ya kulipa ni Jumamosi hii, tarehe kumi na tano. Jumapili iliyopita alinipitia hapa, hakuketi, akasema fedha hana haja nazo tena, anataka bonde kabla mvua hazijakolea, na kwamba Jumamosi asubuhi atapanda huko na watu wawili na kamba ya kupimia. Anapanga kupanda pilipili hoho.

Jumapili hiyo hiyo jioni alikuja Judith wako kutoka shuleni Kilakala, na daftari lake. Alikuwa amechora shamba la bondeni, matuta na mifereji, na mahali pa kuweka kitalu cha vitunguu. Akaniambia, Mjomba, nikimaliza kidato cha nne hata nisipochaguliwa sitahangaika, lile la bondeni ni la mama, na baadaye ni langu. Nilimsifu mchoro. Nikamwambia mstari mmoja umepinda.

Nimekaa siku mbili natafuta njia ambayo ndani yake mimi natoka mtu mzuri. Haipo. Iliyopo ni hii. Kwetu Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Wewe unajua, na mimi nilijua nilipoishika ile kalamu. Lile bonde ni la lukolo wetu, ukoo wa upande wa mama, lilipita kwa bibi, kwa mama, kwako, litapita kwa Judith. Mimi ni mjomba. Mjomba analiangalia, hauzi, wala hawezi kuweka rehani tuta moja. Stambuli si mtu wa kwetu, hakuuliza, naye aliona mwanaume ana sahihi nzuri akadhani yatosha. Karatasi ile haina nguvu endapo mwenyewe atasimama akaikana.

Kwa hiyo nakuomba usinifichie aibu. Jumamosi alfajiri uende bondeni pamoja na Mjomba Ignas, kwa kuwa ndiye mkubwa wa lukolo, na mjumbe wa kijiji, na majirani wote unaoweza kuwakusanya. Stambuli akifika na kamba yake, sema mbele yao kwamba ndugu yako Stefano aliweka rehani kitu kisicho chake, na kwamba ni mwongo. Litumie neno hilo hilo. Ukisema nilikosea, atasema mkosaji alipe kwa shamba. Ukisema nilidanganya, inabidi anifuate mimi. Atanifuata. Ana haki ya fedha yake, nami nitamwambia hivyo mbele ya yeyote. Nina baiskeli, redio, na mabati ishirini niliyoyaweka kwa ajili ya kiwanja, na hayatoshi. Yunusi anasema polisi wakinichukua atanipelekea chakula, akaongeza kwamba hatatia chumvi nyingi, maana presha nitakuwa nayo tayari.

Ukishindwa kulisema kwa sababu ni mimi, mpe Mjomba Ignas barua hii aisome kwa sauti. Nimeandika herufi kubwa kwa kuwa macho yake si mazuri.

Msalimie shemeji, na umwombe radhi kwa kumdhania ya Krismasi. Wasalimie watoto wote, na ukiwatazama vidole vilivyookota viwavi, usiwaambie chochote, nitawaambia mwenyewe nikiruhusiwa kupanda tena huko. Judith naomba alisikie kwako kabla hajalisikia sokoni. Hapa Mwembesongo wote wanakusalimu, na mimi nakuamkia tena, shikamoo.

Ndimi ndugu yako wa tumbo moja,
Stefano

N.B. Ile chupa ya Dar es Salaam sikurudi nayo. Waliichukua jikoni, wakanilipa, na risiti nimeikunja humu ndani ya bahasha. Imeandikwa: Siki, chupa moja.