Mbuzi Wangu Walipofika Kwenye Lami

Butembo, Jumatatu jioni

Dada yangu mkubwa, yaya Séphora,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Eringeti. Mgongo wako umepoa? Na kakao, mvua imewapa nafasi ya kuianika? Sisi huku tuko wazima, isipokuwa Mama amepoteza sauti kwa kupiga vigelegele. Usishtuke, nitakueleza.

Mbuzi wa mahari yangu wamefika, yaya! Wako nyuma ya jikoni, wanakula mboga za Mama bila haya, na hakuna anayewafukuza.

Unakumbuka ulivyonitania nilipopanda rulo la kushindilia lami kwa mara ya kwanza: msichana anayenuka moshi, nani atamtolea mbuzi? Ulisema kweli. Lami ya zamani ilipikwa kwa moto mkali mno, moshi wake ukakaa kwenye nywele zangu hata Jumapili kanisani. Tena ikitoka kiwandani, kule njia ya Beni, ilifika kwenye baridi yetu imeanza kuganda. Sasa wameleta namna mpya. Wanaitia dawa kidogo, inapikwa kwa moto mdogo zaidi, na bado inafika laini. Moshi ni kidogo sana. Na kwa kuwa haikuwa na moto mwingi tangu mwanzo, inapoa upesi na magari yanapita mapema.

Papa unamjua. Mara ya kwanza mchumba wangu Éphraïm na watu wake walikwama kwenye matope, wakafika kesho yake, akawarudisha Beni na mbuzi wao. Akasema Jumamosi hii jua likizama bila wao, mazungumzo yamekwisha, hata nikilia. Nami nampenda Éphraïm, yaya, sina njia nyingine ya kulisema.

Jumamosi yenyewe mwenzangu wa rulo akaamka na homa, na lami ilikuwa imekwisha kupakiwa. Lami haingoji mtu. Nikaenda, nikidhani nitarudi mapema. Gari la lami likachelewa. Alasiri ndiyo kwanza namaliza kushindilia, mara Fuso ikasimama mbele ya kizuizi, imejaa mbuzi na wakwe zangu.

Mzee Syauswa, baba mdogo wa Éphraïm na msemaji wao, akashuka. Mimi nilikuwa na kofia ngumu, miwani na kitambaa mdomoni. Akaomba tuwafungulie wapite, kisha akafoka: "Weye papa, hauna mutoto mwanamuke kwako? Jua inashuka!" Nikatikisa kichwa tu, maana sauti ingenifichua. Chef wetu, msimamizi wa kazi, akamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Akajibu kwamba baraka zenyewe ndizo zinalia ndani ya gari. Beberu mmoja akaruka chini, akakimbia juu ya lami yangu. Éphraïm, ambaye alikuwa amenitambua, akajificha nyuma ya mbuzi waliobaki akicheka.

Mimi sikucheka. Nikiwaruhusu, magurudumu yataharibu kazi ya watu wote. Nikiwazuia, labda nakosa mume. Niliogopa sana, yaya, lakini niliwazuia. Ingekuwa lami ya zamani, wangengoja hadi giza. Chef akapima joto, akapima tena, na kizuizi kikaondolewa jua likiwa bado juu ya vilima. Nilikuwa nimekwisha kushindilia alama za beberu, nikarukia pikipiki, nikawawahi kwa njia ya nyuma.

Nikaoga, nikatolewa mbele ya wageni, macho chini kama inavyotakiwa. Mzee Syauswa alimlalamikia Papa kwamba wamecheleweshwa na mzee mmoja mkaidi wa mashine, mtu asiye na huruma. Shangazi wa Éphraïm alinikumbatia, akatangaza kwamba walidanganywa, huyu mtoto hanuki lami hata kidogo. Papa akapokea mbuzi. Hapo ndipo Mama alipopoteza sauti.

Wakati wa kuaga, Mzee Syauswa aliinama mlangoni kuchukua mwavuli wake, akaona buti zangu zimejaa lami. Akazitazama, akatazama miguu yangu, akacheka hadi akashika ukuta. "Muzee ya mashine," akasema, "siku ya ndoa utatufungulia barabara?"

Sasa nikuungamie jambo ambalo hata Éphraïm halijui. Alama za yule beberu sikuzishindilia zote. Pembeni kabisa, karibu na mfereji, niliacha alama ya kwato moja. Ni kosa la kazi, najua. Lakini nilipofika pale mkono ulikataa, kwa sababu ndipo mbuzi wangu walipopita. Ukija kwa harusi, shuka kwanza nikuonyeshe, kabla hujafika kwa Mama.

Mwambie shemeji asiiuze kakao yote kabla ya kukununulia kitenge. Wabusu watoto, na Bwana awalete salama.

Mdogo wako anayenuka sabuni,

Virginie