Waya Chini ya Uzio

Jumatatu, 2 Machi 2009

Kosa la wengi: wanaanza na kompyuta inayopokea. Wanachomeka waya, wanabonyeza huku na huku, kisha wanaitukana mashine. Anza na ile inayotoa! Ndiyo yenye interneti. Iruhusu igawe (alama moja tu, kwenye kisanduku cha «Partage»), halafu nenda kwa ya pili, uiache ijitafutie anwani yenyewe. Dakika kumi.

Ndivyo nilivyomfanyia leo jirani yangu Donatien. Waya umepita chini ya uzio, ndani ya bomba. Binti yake Claudine anaomba nafasi ya kusomea udaktari Kampala. Akauliza: na kompyuta yako, Papa Prefe, ikizimwa? Nikamjibu: ya kwako inabaki bila kitu. Mtoto ana akili, nasema kama mkuu wa shule. Baba yake alicheka tu, hakusikia.

Mimi nilisikia.

Jumatano, 4 Machi

Nikiwa mlangoni nayaona mabati ya Donatien. Namba za rangi ya kijani, moja hadi thelathini na mbili. Mwandiko wangu! Niliziandika mwaka 2001, nilipoezeka nyumba hii. Mwaka 2003 tulikimbilia Beni. Tuliporudi, kuta zilikuwa zinatazama mbingu.

Evariste, shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, akatukalisha, tuliokimbia na waliobaki, tukala fufu kwenye sahani moja. Akasema: mwenye kuuliza vitu vya vita anarudisha vita. Tukakubali wote. Sijauliza hadi leo. Na kila asubuhi Donatien anatoka chini ya mabati yangu, ananisalimia.

Alhamisi, 5 Machi

Radi imepiga nyumba ya interneti ya kule bulevari. Nyingine mjini hakuna. Dosie ya Claudine, karatasi zake za kuomba nafasi, lazima iondoke kesho, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nimezima mashine.

Léontine, mke wangu, anasema mtoto hakuiba bati. Najua. Sijaiwasha.

Ijumaa, 6 Machi

Saa mbili: Claudine kwenye uzio. Nikamwambia mashine imechoka. Akaniangalia kama mwanafunzi anayeona mwalimu amekosea hesabu ubaoni. Akaondoka. Hiyo iliniuma — naiandika kwa sababu ni kweli.

Saa sita: mama yake, na kuku. Kuku nimemrudisha.

Saa nane: Donatien mwenyewe. Mara ya kwanza kuingia katika parseli yangu, ndani ya uzio, tangu vita.

«Papa Prefe, siye ni majirani. Muwashe basi. Muko na shida gani na mutoto?»

«Na mutoto siko na shida.»

Akanikumbusha sahani ya Evariste. Nikamwambia naikumbuka vizuri, sitauliza kitu. Na sikuuliza! Niliinua macho tu, nikatazama paa lake. Naye akatazama. Upande wa Nizi mawingu yalikuwa meusi kabisa.

«Mvua iko inakuja,» akasema polepole.

«Iko inakuja.»

Sasa ni saa tisa. Bado amesimama pale uani, kofia mkononi, anaangalia ngazi yangu iliyoegemea ukuta. Mimi naandika, mashine iko mbele yangu, imezimwa. Léontine amegeuza uso. Nilichomwambia hakikuwa swali, wala sitakirudia: shusha bati moja tu, namba saba, uniletee leo.