Mke Aliyerejewa Jukwaani

Chumbageni,
Tanga.
2 Februari 2024

Mpendwa mpwa wangu Mudathir,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako imefika na afya uliyoniulizia ipo, kwa uwezo wa Mola. Jicho langu la kushoto limeshapasuliwa, na sasa nasoma bila kusogea dirishani. Magoti ya mkaza mjomba wako Asmahani yanauma kila mvua ikikaribia, hata majirani humuuliza yeye kwanza kabla ya kuanika muhogo. Nasra hajambo? Na mtoto ameanza kusimama? Msimlazimishe, atasimama wakati wake. Huko Dodoma najua ni upepo na vumbi, basi mfunikeni kifua.

Baada ya salamu, naujibu ujumbe wako. Umenikera, na sikutaka kuujibu kwa simu, maana kwenye simu ungenikatiza.

Umesema mambo ya nyumbani kwa mgombea ni faragha yake na hayamhusu mpiga kura. Ukaniomba, kwa kuwa nimewasomesha watu wengi wa kata hii, ninyamaze juu ya mgombea wenu Shaib na Sabra mpaka uchaguzi mdogo wa udiwani upite. Niliposoma nilidhani jicho jipya linanidanganya.

Kanuni yako siikatai yote. Unamkumbuka marehemu Manase, aliyekuwa diwani wakati wewe unasoma shule ya msingi. Alikuwa mlevi, tena wa kuimba njiani. Nyumba zake zilikuwa mbili, moja huku na moja Muheza, na kila mtu alijua. Nilimpigia kura bila kusita, kwa sababu akikwambia kisima kitachimbwa, kinachimbwa. Pombe ilikuwa tumboni mwake, haikuingia katika neno lake. Kwa hiyo usinijibu kwamba mjomba ni mzee wa kuchungulia madirisha ya watu. Mgombea ale anachotaka, alale anapotaka. Mimi sina haja ya kujua.

Lakini Shaib sisi hatukumchungulia. Yeye ndiye aliyekichukua chumba chake akakitoa uwanjani.

Nakukumbusha, kwa maana naona Dodoma imekusahaulisha. Shaib alimwacha Sabra talaka moja, akampeleka kwao. Sabra akakaa eda. Eda ikiwa bado haijaisha, ukafika mkutano wa chama chenu wa kura za maoni, wewe ukaja kutoka Dodoma kuuendesha, nami nikaalikwa nikakaa safu ya mbele na wazee. Akina mama wakamzomea mgombea wenu. Mmoja akasimama akamwambia, “Wewe umeshindwa kutunza mke mmoja, sisi kata nzima utatuweka wapi?” Watu wakacheka. Shaib akakunyang'anya kipaza sauti mkononi, Mudathir, mkononi mwako wewe, akasema, “Mama zangu, tulieni. Sabra mke wangu, nimemrejea. Nimemrejea mbele yenu nyote, muwe mashahidi.” Vigelegele vilipigwa mpaka na mimi nikapiga makofi. Kura zikapigwa, akapita.

Wewe ulisoma Kurani chuoni kwa marehemu Bi Time, na Sabra ulikaa naye mkeka mmoja. Bi Time alitufunza sote, wakubwa na wadogo, kwamba mambo matatu hayana mzaha: kuoa, kuacha na kurejea. Mtu akiyatamka kwa kucheka yamekuwa, akiyatamka kwa kununa yamekuwa. Mume anapomrejea mke ndani ya eda hahitaji mahari mapya wala posa wala ridhaa ya mke. Anahitaji kutamka tu. Na Shaib alitamka, tena kwa spika zilizosikika mpaka barabarani.

Sabra aliletewa habari na wanawake waliotoka mkutanoni. Akafungasha nguo zake, akaoga, akafukiza udi, akakaa kumngoja mumewe aje kumchukua. Hakuja siku ile wala juma lile. Alipompigia, Shaib alimwambia, “Ah, zile zilikuwa siasa tu, Sabra. Wewe endelea na eda yako.”

Huyo ndiye mtu unayemwandikia hotuba.

Eda ikaisha. Nasri, yule mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, mjane mwenye adabu, akaleta posa, na Sabra akaridhia. Wakaenda kwa kadhi. Kadhi akakataa kufungisha ndoa, na ana haki. Alisema habari zimemfikia kwamba mume wa kwanza alimrejea hadharani. Ikiwa ni kweli, huyu ni mke wa mtu. Ikiwa si kweli, Shaib aje aseme. Shaib haendi. Akisema alimrejea, itabidi amchukue au amwache upya, na akina mama watajua walichezewa. Akisema hakumrejea, basi alidanganya mkutano. Kwa hiyo amenyamaza, na Sabra amebaki hapo hapo: mume hana, na kuolewa hawezi. Nasri naye ana watoto wadogo wasio na mama. Hatangoja milele, na hatumlaumu.

Ndicho mnachokiita faragha. Mwanamke mzima ametundikwa kama bango la kampeni, mnangoja kura zipite ndipo mumteremshe.

Unauliza hayo yanamhusu nini mpiga kura. Nakueleza taratibu kama nilivyokueleza hesabu za sehemu. Mpiga kura hamjui mgombea, anachopewa ni maneno yake tu. Sasa mgombea huyu amechukua neno zito kuliko yote anayoweza mwanamume kuyatamka, neno ambalo dini yake haimruhusu hata kulitania, akalitumia kupitia mchana mmoja kisha akalitupa. Kesho akipanda jukwaani akaahidi daraja na zahanati, atakuwa ameahidi kwa kinywa kipi? Kama la mkewe lilikuwa siasa tu, la daraja litakuwa nini?

Alikuja hapa nyumbani Jumapili, na watu wawili nyuma yake. Hakukaa vizuri kitini akaanza: “Mwalimu, siasa ni siasa, bwana.” Kabla sijafungua mdomo, Asmahani akamjibu kutoka ndani: “Basi kaoe kura, zikupikie!” Wale wawili wakageuka kutazama ukuta. Mimi nilimwambia aende kwa kadhi. Akaniambia atakwenda baada ya uchaguzi, In shaa Allah. Nikamwambia asilitaje jina la Mungu nyumbani kwangu kwa jambo asilokusudia kulifanya, na nikamfungulia mlango.

Kadhi ameniita Alhamisi ijayo, baada ya sala ya alasiri. Anataka watu wawili waliosikia kwa masikio yao. Ikithibitika kwamba rejea ilikuwepo, atambana Shaib: akae na mkewe kwa wema au amwache kwa wema, na akikataa yote mawili, kadhi mwenyewe atamtoa Sabra katika ndoa hiyo. Mimi nimekubali kuwa wa kwanza. Wa pili nimemtafuta kata nzima. Uwanja ulijaa, Mudathir, na sasa wote wamekuwa viziwi. Bakar muuza samaki ameniambia siku ile alikuwa anasikia njaa tu. Shaha wa akina mama, kiongozi wao aliyepiga vigelegele kuliko wote, anasema alikuwa mbali na spika.

Wewe hukuwa mbali. Kwa hiyo barua hii si ya kukuomba ushauri. Omba ruhusa kazini, panda basi Jumatano, uje useme ulichokisikia. Sikuambii umchukie rafiki yako, wala sikuambii uongeze neno hata moja. Yeye alisema muwe mashahidi. Mtiini basi.

Najua utapoteza nini. Amekuahidi kazi nono kuliko hiyo uliyo nayo, na wewe una mtoto mdogo. Lakini ahadi hiyo ameitoa kwa kinywa kile kile, nawe unajua zaidi yangu thamani yake.

Nisalimie sana Nasra, na mama yake kama bado yuko kwenu, na jirani yenu Ernesti aliyenipokea vizuri nilipokuja. Mbusu mtoto. Mwenyezi Mungu awape afya, riziki ya halali na ulimi wa kweli.

Asmahani amekataa kukutumia salamu. Anasema zipo hapa nyumbani, uzifuate mwenyewe Alhamisi.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata leo nilipokasirika,

Mwl. Ibrahimu Jumbe