Masikio ya Sir

Jumatatu, 4 Novemba

Sir amekataa uji tena. Chai ya karak kanywa, mbili. Nimemnyoa. Kumnyoa mtu asiyenyamaza ni kazi, na leo alikuwa na hadithi ya dobi. Naisikia tangu niajiriwe kumwangalia, nyumba hii ya Al Warqa, Dubai, na bado naipenda. Zamani, Bombay, anatunga muziki wa filamu. Ngoma zote haoni inayofaa. Akamleta studio dobi wa mtaani, na jiwe lake, na shuka mbichi. Dobi akapiga shuka, maji yakarukia nyaya, fundi wa sauti akatoka kwa hasira. Wimbo ukavuma India nzima. Baada ya hapo kila mtunzi akatafuta dobi wake.

Akicheka hivyo wembe unanitoka mkononi. Nimemkata kidogo shavuni. Hakuhisi.

Jumatano, 6 Novemba

Madam Nalini, binti yake, karudi kazini na habari. Wapenzi wa muziki wa Kihindi wanamfanyia Sir usiku wa heshima. Hoteli moja Garhoud, Jumamosi ya tarehe 23. Okestra nzima, nyimbo zake tupu. Na wimbo mmoja apige yeye mwenyewe kipande cha katikati, kwa kile kinanda chake cha kuvuta upepo kwa mkono. Madam alikuwa na furaha ya mtoto wa Idi. Sir akasema ndiyo.

Mie siri yake naijua.

Sir hasikii muziki. Maneno anasikia, kwa zile mashine za masikio, ukimkabili na ukisema taratibu. Muziki akiusikia na mashine ni kama sufuria zinaanguka. Akizivua, kimya kabisa. Mie nilijua Ramadhani, nilipomkuta amekumbatia redio analia. Akanikataza nisimwambie Madam. Tangu mdogo Madam hujisifu kwa watu kuwa baba yake akisikia kijiko kikianguka hukwambia ni noti gani ya muziki. Nikaahidi. Ahadi mbaya hii.

Ijumaa, 8 Novemba

Mapumziko. Nimempigia Mama, Mombasa. Nimemwambia wimbo atakaopiga Sir ni ule wetu wa bibi harusi. Kacheka mpaka kakohoa. Mama aliiona filamu yenye wimbo huo sinema, maonyesho ya wanawake ya mchana, mabuibui ukumbi mzima, wote wametoka macho mekundu. Halafu kikundi cha taarab cha mtaani kikautia maneno ya Kiswahili. Ikawa hakuna harusi Kibokoni inayopita bila huo. Mie nimekua nikijua ni wetu. Nimekuja kumjua mwenye wimbo hapa Dubai, namkata kucha za miguu.

Nilipomwambia Sir kuwa kwetu huimbwa polepole, na wanawake huinuka mmoja mmoja kwa madaha kwenda kumtuza mwimbaji, alinitaka nisimulie tena. Na tena. Kumbe yeye aliutunga polepole. Mwenye filamu ndiye aliyelazimisha uchapuke, ili jamaa wa kwenye filamu apate kukimbiza pikipiki. Sir ana hasira na mtu huyo hadi leo, na mtu keshakufa.

Jumapili, 17 Novemba

Siku mbaya. Mazoezi, ghala moja Ras Al Khor, nje wanauza vipuri vya magari. Vijana wamejipanga, wamevaa vizuri kwa ajili yake. Wakapiga. Mie nilisisimka mwili. Sir akainua mkono, akasema wote wako nje ya sauti, warudi shule. Msichana wa fidla akalia.

Hawakuwa nje ya sauti hata kidogo. Mashine ndizo zilizomdanganya.

Madam kaomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja. Nyumbani kaniita jikoni, kasema atavunja shughuli. Kasema uzee umemfanya baba yake katili. Neno hilo limeniuma. Sir si katili. Sir ana kiburi na ana hofu. Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Baadaye nilimwambia Sir uso kwa uso kuwa amekosea. Akasema anajua. Akageukia ukuta.

Jumatatu, 18 Novemba

Sir kawapigia wanamuziki mwenyewe, simu ya Madam, kawaomba radhi. Wakati wanajibu alikuwa ananitazama mie, kwa sababu hakusikia walichosema. Nilimwitikia kwa kichwa: wamekubali.

Anataka wimbo upigwe polepole, kama alivyoutunga. Wamekubali hilo pia. Mpango wake ndio huu. Jukwaani atavua mashine. Vidole vinajua njia. Kinachobaki ni kujua lini aingie, na hapo kiongozi wa okestra atamwinulia mkono. Nikamwambia, Sir, mwambie binti yako. Akasema khalas, yaishe. Naogopa kuliko yeye.

Jumapili, 24 Novemba

Niandike ya jana usiku wakati bado nakumbuka.

Ukumbi umejaa. Suti, sari, manukato ya kuumiza kichwa. Nimeketi na Madam mbele, upande wa njia. Nyimbo zikaenda vizuri. Ule wa dobi wameupiga na maji ya kweli kwenye beseni. Halafu wakamleta Sir na kinanda chake. Na hapo ndipo walipokosea kwa nia njema kabisa: wamemweka mbele, uso kwa watu, heshima yake. Kiongozi wa okestra yuko nyuma ya mgongo wake.

Wimbo wa bibi harusi ukaanza. Polepole. Pahali pake pakafika, mkono ukainuliwa nyuma yake. Sir anatutazama sisi. Vijana wakarudia. Mkono tena. Hakuna kitu. Wakarudia tena. Watu wakaanza kunong'ona. Madam kashika mkoba wake kwa mikono miwili. Sir macho yanahangaika, na mie nayajua macho hayo.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Wimbo ule ukifika pale, kwetu mtu haketi. Nikajikuta nimesimama na noti ya dirham kumi kati ya vidole, nashuka njia kama anavyoshuka Mama: mabega, hatua, simama, hatua. Ukumbi wa watu walioketi kimya, na mie peke yangu na buibui langu. Mlinzi, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, kanijia mbio. "Dada, rudi ukae, tafadhali." Nikamwambia naenda kutuza. Hakujua ni nini, maskini. Akaniachia.

Sir ameniona. Alitazama mabega yangu. Vidole vikaanza kugonga mbao ya kinanda, taratibu, pamoja na mie. Nikafika mbele, okestra ikarudia pale pa kuingilia Sir, nikaweka noti juu ya kinanda, na yeye akavuta upepo akaingia. Sawasawa.

Sikuthubutu kurudi kwenye kiti. Nimesimama pale nayumbisha mabega mpaka kipande chake kikaisha. Aibu ninayo hadi sasa. Watu walisimama wakapiga makofi. Sir aliwaona, akainamisha kichwa.

Madam hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia masikio ya baba yake, matupu.

Garini aliuliza swali moja tu, kwangu, kwa sauti ndogo: tangu lini. Nikamjibu amuulize baba yake. Nilidhani atanifukuza.

Jumanne, 26 Novemba

Hajanifukuza. Jana nyumba ilikuwa nzito, kila mtu na chumba chake.

Leo asubuhi Sir kamwambia, mezani, kabla ya chai. Kila kitu. Madam kamsikiliza bila kumkatiza. Hakulia. Aliinuka akakileta kinanda, akakaa naye sakafuni, akauchukua mkono wa baba yake akaulaza ubavuni mwa mbao. Kisha akaanza kupiga, mbao ikatetemeka chini ya kiganja. Madam hakuwahi kujifunza. Anapiga vibaya, jamani, vibaya kweli.

Sir alifumba macho. Baada ya kitambo akanyoosha mkono mwingine, akakisogeza kidole kimoja cha Madam, akakiweka panapotakiwa.

Nimerudisha mlango, nimekwenda kumenya vitunguu.