Sauti Niliyoipa Kongo

Bwera, Kasese
Novemba 9, 2025

Mpendwa dada Masika,

Wabukire, dada. Goti limepoa? Shemeji Tsongo naye anaendeleaje huko Butembo? Sisi tunapumua, Mungu hajatusahau. Mvua imezidi, lakini kahawa imekubali. Mwanao Musoki, tangu aje kusoma kwangu, amenenepa. Usimsikilize akisema namnyima chakula.

Dada, nashika kalamu, naiweka. Naona aibu hata kukuandikia.

Unaijua ile kazi yangu ya pale Kasese, kutengeneza vitabu vya tableti vya kufundisha watoto kuhusu nchi za jirani. Kwa watoto wasioona kama Musoki, kila picha lazima iwe na sauti yake. Rwanda tuliipa ngoma, Kenya tukaipa treni. Ilipofika zamu ya Kongo yenu, bosi alitaka kazi jioni ileile, nami nikachukua mlio wa risasi kwenye intaneti, nikaubandika. Mwenzangu Sylivia aliniuliza kama hakuna kingine. Nikamjibu kwamba sisi watu wa mpakani ndio tunaoijua Kongo. Ebu ona! Na siku hiyo nilivaa shati ulilonishonea wewe, nimetoka soko la Mpondwe kula samaki na Wakongo, tunacheka.

Wiki iliyopita tulikwenda kukijaribu kitabu shuleni kwa Musoki. Nilimvalisha vile vya masikioni kwa mikono yangu mwenyewe, najivuna mbele ya walimu. Treni ilimchekesha. Risasi zilipolia, alivivuta akavitupa, akaingia chini ya dawati akikuita wewe. Walimu wakanigeukia. Wallahi dada, nilitamani ardhi inimeze.

Ile sauti nimeitoa kitabuni, lakini kwa mtoto haijatoka. Musoki hataki tena kuja kwako Krismasi. Yeye aliyekuwa akinisumbua kwa safari tangu shule ifunguliwe, sasa ukiitaja anajikunyata. Jana aliniambia, "Mjomba, kule iko masasi tu. Kitabu yako ilisema." Vita vipo, simfichi, nawe umeviona kwa macho yako. Lakini ndiyo Kongo yote? Kwaya yenu je? Meza yako ya kushonea je? Nimeipaka matope nyumba yako kwa uvivu, na anayeumia ni mwanao. Nisamehe.

Sistahili kuomba, lakini naomba. Kaa kwenye cherehani chako, kile kinacholia kama mbuzi, uwashe simu urekodi. Shona kama kawaida. Usisome hotuba; ukitaka kugombana na shemeji, gombana tu. Kisha nitumie. Nitaiweka pale palipokuwa na risasi.

Nisalimie shemeji, na Syahuka mdogo, na shangazi Night; mwambie viatu vyake nimevipata. Mungu awafunike, awalinde na njia zote mbaya.

Nikwambie basi kwa nini cherehani. Nilimuuliza Musoki Kongo ilie vipi. Akasema, "Mashini ya Mama. Nikiisikia, nitajua nyumba ingali iko. Nitakuja."

Sasa ameketi hapa, simu yangu iko mapajani mwake, na hataki niiguse.

Nduguyo akupendaye, aliyekosa,
Bwambale