Mnyoo wa Mpira, Bwawani Mutuini

Jumanne, 2 Julai 1974

Nimekanda unga, nimechoma mahamri, nimemwandikia mume wangu Athmani kwenye kibao: leta nazi. Amesoma, akaitikia kwa kichwa tu, kana kwamba na yeye amekatazwa kusema. Wote wako hivyo siku hizi. Wakiona mume wangu hanisemeshi na mimi simjibu, majirani hudhani tumegombana.

Hatukugombana. Daktari alinitoa kijivimbe kwenye nyuzi za sauti, akaniambia nisitoe sauti mpaka aseme yeye. Hata kunong'ona marufuku. Kijivimbe chenyewe kimepelekwa kupimwa. Majibu bado.

Mimi ni opereta wa simu. Bila sauti sina kazi. Lakini si kazi inayoninyima usingizi.

Naogopa.

Ijumaa, 5 Julai

Wanjiru amepita baada ya zamu. Tunakaa viti vilivyopakana pale kwenye swichibodi tangu tulipoajiriwa, na hajawahi kunyamaza hata simu zikiwa zimelala. Leo kasema kwa niaba yetu sote wawili. Kaka yake Gitau amerudi kutoka masomoni Amerika na sanduku la vitu vya kuvulia samaki. Eti samaki wanadanganywa kwa minyoo ya mpira. Kesho twende kwao Mutuini, baba yao ana bwawa.

"Huko hakuna mtu atakuuliza kitu," akasema. "Samaki haipendi kelele."

Nimekubali ili anyamaze.

Jumamosi, 6 Julai

Baridi kali, mawingu mpaka chini. Bwawa lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Samaki waliomo wanaitwa besi, wana midomo mipana, waliletwa na Wazungu zamani.

Gitau ni mpole, mrefu, anasema kidogo kidogo. Mnyoo wake ni wa zambarau, urefu wa shubiri, unatetemeka mkononi kama kitu hai na unanuka kama mafuta ya taa. Akatia ndoano kichwani mwa mnyoo, akaitoa, akaigeuza, halafu akaificha ncha ndani ya tumbo lake isinase majani. Juu yake kipande kidogo cha risasi. Unatupa. Unaacha uzame mpaka chini. Unainua ncha ya fimbo ya kuvulia taratibu, unaiacha ishuke, unangoja. Basi.

Sivyo kabisa. Nilinasa mti. Nilinasa sweta ya Gitau. Mshipi wa ndoano ukajisokota kwenye kigurudumu kama nywele zisizochanwa, nikakaa chini kuufungua mpaka vidole vikafa ganzi. Wanjiru alicheka hadi akashika mbavu. Nilikasirika, na hasira isiyo na sauti haina pa kwenda.

Lakini niliporudi garini ndipo nikakumbuka kwamba nina koo. Mchana kutwa sikulifikiria.

Jumapili, 7 Julai

Nimemwandikia Athmani habari ya mnyoo. Yeye ni mtu wa Shela, pwani, amevua tangu hajavaa suruali, kwa chambo cha ngisi na kamba wabichi. Akasoma kibao mara mbili.

"Samaki wa kwetu ukimtupia mpira, atakurudishia."

Nilicheka. Ikatoka sauti kidogo, kama chafya. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Sijui kama nimejiharibu.

Alhamisi, 11 Julai

Hospitali. Tumekaa kwenye benchi asubuhi nzima. Daktari akasema majibu hayajakamilika, wameomba mtaalamu mwingine atazame tena. Kwa nini atazame tena? Nikaandika swali hilo. Akasema ni kawaida, huku akitazama mlango.

Jirani wa ghorofa ya chini kaniambia shangazi yake alianza hivi hivi. Nilitamani kumpiga kwa kibao.

Jumamosi, 13 Julai

Mutuini tena. Samaki wanagusa, siwapati. Nasikia tuk kwenye mshipi, navuta kwa nguvu, mnyoo unarudi umetafunwa mkia. Tena. Na tena. Gitau anasema navuta mapema: besi anaufyonza mnyoo pamoja na maji, kisha anaondoka nao. Nimngoje aondoke. Nikunje mshipi uliolegea, halafu ndipo nipige fimbo juu kwa ghafla.

Wanjiru, anayepiga soga muda wote na hatazami hata fimbo yake, amepata mmoja. Mkubwa. Akarukaruka ukingoni. Nikampigia makofi huku nikimwonea kijicho rafiki yangu mwenyewe, kwa ajili ya samaki. Astaghfirullahi.

Baadaye nilifumba macho, mshipi juu ya kidole cha shahada. Majani ni laini, yanavutika. Jiwe linagonga mara moja. Samaki sikumpata, lakini angalau najua yeye si jiwe wala jani.

Jumatano, 17 Julai

Kwenye kiti changu kazini kakaa msichana mgeni. Wanjiru hakutaka kusema, nikamsoma usoni. Wakubwa wanauliza nitarudi lini. Hakuna anayejua.

Athmani ameanza kusema. Huyu ambaye nimeishi naye miaka yote akijibu kwa "ehe" na "hapana". Leo kanieleza duka zima la vitambaa anakofanya kazi: mama aliyepekua kanga zote asinunue, tajiri wake alivyokosea kupima pazia, paka aliyezaa ndani ya majora ya nguo. Nadhani kimya changu kinamtisha kuliko anavyonionyesha. Alfajiri alikaa sana kwenye mswala akiomba.

Hospitali wamesema turudi Jumatatu. Twende wote wawili, wamesema. Sikupenda hilo neno wote wawili.

Jumamosi, 20 Julai

Nimempata.

Manyunyu yalianza, Wanjiru na Gitau wakapanda nyumbani kunywa chai. Nikakataa kwa kichwa. Ukungu juu ya maji, ng'ombe mmoja ng'ambo. Nikatupa karibu na matete. Ukazama. Nikainua, nikashusha.

Tuk.

Sikuvuta. Nikaona mshipi unakwenda pembeni, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Nikakunja uliolegea. Nikapiga.

Fimbo ikapinda mpaka nikadhani itavunjika. Akaruka juu, mdomo wazi, akitikisa kichwa. Na mimi mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Tope likanivua kiatu. Sikuwa na wa kumwita. Nikamvuta, akavuta, nikampa mshipi, nikamvuta, mpaka akalala ubavu ukingoni, nikamshika taya kwa kidole gumba kama Gitau alivyotuonyesha. Urefu wa mkono wangu toka kiwiko.

Nikakaa kwenye nyasi zilizolowa, nikalia. Si kwa ajili ya samaki.

Wanjiru akaniona napanda mlima na kiatu kimoja. "Zainabu ameshika! Gitau, kuja uone! Ameshika peke yake!" Alipiga kelele za kututosha wote.

Jioni nikampika kwa nazi. Athmani akala, akafyonza kichwa, akapanga miiba kando ya sahani.

"Ni samaki," akasema.

Jumatatu, 22 Julai

Si saratani.

Daktari alisema mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyetikisika. Kijivimbe cha kusema sana. Mtaalamu wa pili kaona vile vile. Alitaka tuje wote wawili ili Athmani asikie masharti: nisipige kelele, nisichoke, nianze kwa maneno machache.

"Haya, mama. Sema kitu."

Nikaogopa tena. "Alhamdulillahi," nikasema. Sauti nzito, ina kokoto ndani, lakini ipo.

Athmani alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, kofia mkononi, anajipangusa uso nayo. Hatukupanda basi. Tulishuka mjini kwa miguu, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea kama vijana. Nilijihisi mwepesi hata nikashindwa kutembea sawasawa.

Jumanne, 23 Julai

Nimelala mpaka jua limechomoza. Sala ya alfajiri nimeilipa baadaye. Athmani hakuniamsha.

Jumapili, 28 Julai

Tumekwenda bwawani, safari hii na Athmani. Akaukataa mnyoo, kisha akaomba aushike, kisha akatupa. Hakupata kitu. Mimi pia. Wanjiru na Gitau walikuwa kanisani na wazee wao.

Alinieleza juu ya baba yake, jinsi alivyokuwa akiwaimbia watoto ili wasisinzie wakingoja maji ya bahari yajae. Sikuwahi kuyasikia hayo kabla. Alisema polepole, macho kwenye mshipi, akisahau katikati na kurudi nyuma. Ningeweza kumwuliza maswali, nina ruhusa. Sikumkatiza.

Jua limetoka kabla ya adhuhuri. Nimevua sweta, nikaitandika kwenye nyasi, tukaikalia.