Jezi ya Pyo Geon-u

Seon-hwa, klabu imetangaza rasmi kwamba yule chui wa manyoya bandia anayecheza dansi uwanjani atavaa skafu mpya. Chini yake, kwa herufi ndogo: Pyo Geon-u ameachwa, amejiunga na watani wetu wa jadi.

Katikati ya msimu!

Unamjua Bok-nam, mpiga ngoma wetu. Jumapili aliongoza mashabiki kulizuia basi la timu, wakidai kocha ashuke aeleze kwa nini nyota wao Geon-u anakaa benchi. Mzee wa watu alishuka kwenye mvua, akainama mpaka kiunoni.

“Hataki mazoezi, jamani. Nimfanyeje?”

“Rudi nyumbani ukamsaidie mkeo kuchachusha kabichi!” Bok-nam alimkemea.

Kocha akajiuzulu usiku ule.

Geon-u naye alikuwa amemkumbatia Bok-nam palepale kando ya basi. “Kaka, mimi siendi popote.” Siendi popote! Kumbe alikwisha kusaini kwingine. Kinyaa kitupu.

Leo Bok-nam amekwenda klabuni, kichwa chini, kuomba kocha arudishwe.

Uongozi umekaa, umeamua: mwenye jezi ya Geon-u ailete, jina libanduliwe bure.